Ruzuku ya miaka mitatu na askari wa mtaa: swali kutoka Makorora

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa wetu, Makorora, hapa Tanga. Tumechoka na vibaka. Betri za bajaji zinaondoka, koki za maji zinang'olewa, hata sufuria halilali nje. Sasa kuna asasi moja ya hapa mjini ina mfadhili anayetaka kutupa ruzuku ya miaka mitatu. Wazo letu ni kuajiri askari kumi wa polisi jamii, wawe wetu sisi, walipwe kwa ruzuku hiyo. Shemeji yangu anaishi Marekani, anasema miji ya kule huajiri polisi kwa ruzuku kila mwaka. Je, kwetu inawezekana? Andiko tuliandikeje? Na sare tuwashonee ya namna gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na lile litakalokuudhi: askari polisi hamwezi kuajiri. Si kamati yenu, si hiyo asasi, wala si Halmashauri ya Jiji. Lakini fedha msiikatae. Ina kazi nyingi ya kufanya, na mojawapo mmeikaribia bila kuiona.

Shemeji yako hakudanganya. Amesahau tu kukwambia kwamba kule polisi ni mali ya mji. Marekani ina vyombo vya polisi vinavyokadiriwa kufika 18,000, vingi vikiwa vya miji midogo yenye askari wachache. Meya na baraza lake ndio wanaoajiri, ndio wanaolipa, ndio wanaomfukuza mkuu wa polisi akiwachosha. Sisi tuna Jeshi moja la Polisi kwa Jamhuri nzima ya Muungano. Polisi imetajwa kwa jina katika orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba, na Jeshi linaendeshwa kwa sheria yake, Sura ya 322, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Askari wa kituo cha Chumbageni leo, kesho anaweza kuwa Kigoma, na Meya wa Tanga hana la kusema. Kwa hiyo sentensi ya "tutaajiri askari polisi kumi" ikionekana kwenye andiko lenu, mtu yeyote anayejua sheria ataliweka pembeni kabla hajafika ukurasa wa pili.

Hata hivyo, mfano wa Marekani nautaka uujue vizuri, maana ndani yake kuna mtego unaowahusu nyinyi kuliko wao.

Mwaka 1994 Rais Bill Clinton alitia saini sheria kubwa ya uhalifu, na ndani yake ukazaliwa mpango wa kuongeza askari 100,000 wa polisi jamii mitaani. Serikali kuu haikuajiri mtu. Ilitoa ruzuku kwa miji. Kanuni za ruzuku hiyo, jinsi zilivyokuja kukaa kwa miaka mingi, ni hizi: serikali kuu inalipa hadi asilimia 75 ya mshahara na marupurupu ya askari mpya kwa miaka mitatu, kwa kikomo cha dola 125,000 kwa kila nafasi, na mji unatoa angalau asilimia 25 taslimu kutoka mfukoni mwake. Fedha hairuhusiwi kulipa mtu ambaye mji ungemlipa hata bila ruzuku. Na miaka mitatu ikiisha, mji unabanwa kumbakiza askari yule kwa miezi 12 zaidi kwa fedha zake wenyewe.

Hebu irudie hiyo kanuni ya mwisho. Waliotunga walijua tabia ya binadamu: ukimpa mtu fedha ya mshahara kwa miaka mitatu bila kumuuliza habari za mwaka wa nne, mwaka wa nne ataufikiria mwezi wa Juni wa mwaka wa tatu.

Mji wa Columbus, jimbo la Ohio, ni mfano ninaoupenda. Mapema 2009, uchumi ukiwa umeanguka, mji ulikuwa na vijana 25 waliokuwa wanamaliza chuo cha polisi na hauna fedha ya kuwalipa. Fedha za kunusuru uchumi kutoka Washington zikawaokoa, na Rais Obama mwenyewe akaenda kwenye mahafali yao mwezi Machi. Picha nzuri, makofi mengi. Lakini fedha ile ilikuwa ya kufika mwisho wa mwaka tu. Kilichouokoa mji baada ya hapo ni kura ya Agosti, wananchi walipokubali kupandisha kodi ya mapato ya mji wao kutoka asilimia 2 hadi 2.5. Ruzuku iliwanunulia muda wa kujipanga, basi. Sehemu iliyobaki waliilipa wenyewe.

Nimefanya kazi ya mipango na fedha kwenye halmashauri zaidi ya miaka ishirini, na picha ya pili nimeiona kwa macho yangu, katika mji ambao sitautaja. Mfadhili alilipa posho za walinzi wa mtaa kwa miaka miwili. Vijana walikuwa wazuri kwelikweli, wizi wa usiku ulipungua mpaka akina mama wakaanza tena kuuza chapati saa kumi na moja alfajiri. Mradi ukaisha mwezi wa sita. Mwezi wa nane vijana wawili kati ya wale wale walikamatwa na mali ya wizi. Walikuwa wanajua kila uchochoro, kila mbwa na kila mwenye duka anayelala fofofo, na walikuwa na deni la kodi ya chumba. Tangu siku ile, andiko likija mezani kwangu, safu ya mishahara ndiyo naisoma kwanza.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu maneno matupu hayajengi. Takwimu hizi ni za kupigia mfano, wewe weka za mtaa wako. Walinzi kumi, kila mmoja sh. 150,000 kwa mwezi, ni sh. 1,500,000. Ukishampangia mtu saa za kazi, ukampa amri na ukamlipa kila mwezi, kisheria huyo si mtu wa kujitolea tena, ni mwajiriwa, hata ukiyaita malipo hayo "posho". Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara. Mkigawana nusu kwa nusu, mwajiri anaongeza sh. 150,000. Kuna mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kuna tochi, mabuti, makoti ya mvua ya masika. Sema sh. 1,700,000 kwa mwezi. Miaka mitatu ni zaidi ya sh. milioni 61, zote zimeliwa na hakuna kilichobaki cha kushikika.

Mwaka wa nne unakuja. Mtaa una kaya 500, kila kaya itoe sh. 2,000 kwa mwezi: milioni moja, wote wakitoa. Hawatatoa wote. Wakitoa sita katika kumi, mtakuwa mmefanya vizuri: sh. 600,000. Maduka ishirini yakitoa sh. 5,000 kila moja, laki moja nyingine. Jumla laki saba. Laki saba inalipa walinzi wanne pamoja na michango yao ya NSSF, sh. 660,000, na inabaki chenji ya betri za tochi. Kwa hiyo walinzi wenu ni wanne. Mtaa unaweza kuwabeba wanne, hata mfadhili akiwa na uwezo wa kumi. Kabla ya kusaini chochote, angalieni pia amri ya kima cha chini cha mshahara kwa kazi za ulinzi inayotumika wakati huo, isije ikawa hata hiyo 150,000 iko chini ya sheria.

Na mchango wa wananchi usisubiri ruzuku iishe. Uanze mwezi wa kwanza. Mwaka wa kwanza ruzuku ilipe asilimia 75 ya gharama ya walinzi na mtaa ulipe 25, mwaka wa pili nusu kwa nusu, mwaka wa tatu ruzuku 25 na mtaa 75. Mkikusanya zaidi ya sehemu yenu, ziada ikae benki kama akiba ya mwaka wa nne. Watu wasipotoa sh. 500 leo wakati mlinzi anapita mlangoni, usitegemee watatoa sh. 2,000 baadaye kwa kumbukumbu tu. Mchango wa lazima unataka sheria ndogo ya Jiji. Bila sheria ndogo ni hiari, na mwenyekiti wa mtaa asithubutu kumnyima mtu barua ya utambulisho kwa sababu hajatoa. Hilo limewahi kuvunja kamati nyingi kuliko wizi wenyewe.

Nilisema kuna kazi mmeikaribia bila kuiona. Mmeandika mnataka askari "wawe wetu". Hapo ndipo penye kiini.

Polisi jamii kwa hapa kwetu ilivuma sana wakati wa IGP Said Mwema, aliyeongoza Jeshi kuanzia 2006 hadi 2013, na baadaye ukaja utaratibu wa kupeleka wakaguzi wa polisi kwenye kata. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wameshaanzisha sungusungu bila kumsubiri mfadhili yeyote. Yaani wazo si geni. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti mkubwa uliopima polisi jamii katika nchi sita: Brazil, Colombia, Liberia, Pakistan, Ufilipino na jirani zetu Uganda. Walilinganisha maeneo yaliyopata polisi jamii na yasiyopata. Matokeo yalikuwa baridi: imani ya wananchi kwa polisi haikupanda, uhalifu haukushuka. Watafiti walipotafuta sababu walikuta mambo matatu: wakubwa wa polisi hawakulipatia jambo hilo uzito, askari hawakuwa na nyenzo za kufuatilia walichoambiwa na wananchi, na askari walikuwa wanahamishwahamishwa.

Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Tunausema kwa kujisifu, kuhusu wageni wanaokuja na utamu wa mji ukawanasa. Kwa mkaguzi wa kata, mambo ni kinyume: anakuja leo, na kweli anaondoka leo. Akishajua nani anauza vyuma chakavu vya wizi na nani ni kijana wa watu aliyesingiziwa, barua ya uhamisho imefika. Uhamisho hamwezi kuuzuia. Mnachoweza ni kufanya kata iwe mahali ambapo mkaguzi anakaa akiwa na nyenzo, na mahali ambapo anachokijua hakiondoki naye.

Nikishika kalamu ya andiko lenu, sehemu kubwa ya ruzuku ningeiweka hapo. Chumba cha kazi cha mkaguzi kata, chenye mlango unaofungwa na benchi la mtu kukaa akieleza shida yake bila jirani kusikia, mwanamke aliyepigwa na mumewe hawezi kuyasema hayo dirishani. Simu moja ya kata yenye namba isiyobadilika hata askari akibadilika. Sasa hivi mnapiga namba binafsi ya afande, akihama inahama naye. Daftari la matukio linalokaa kwa mtendaji wa mtaa, lenye tarehe, saa, mahali, kilichoibwa, na nani alipewa taarifa. Msiandike majina ya watuhumiwa humo. Daftari la aina hiyo likishikwa na mtu mbaya ni moto. Pikipiki? Naona kila andiko lina pikipiki. Sawa, lakini andikeni pia mafuta na matengenezo ya miaka mitatu, na muulizeni OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, atailaza wapi. Pikipiki isiyo na bajeti ya mafuta ni pambo la kituo.

Na taa. Hili ndilo ningelipigania kuliko yote. Jiji la New York lilifanya jaribio mwaka 2016 kwenye makazi ya umma: maeneo yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu yakaletewa minara ya taa kali, na makosa makubwa ya nje wakati wa usiku yakapungua kwa takriban asilimia 36. Makorora si New York, najua. Lakini kibaka wa betri ya bajaji anataka giza kama kibaka mwingine yeyote. Tembeeni usiku, wewe na mkaguzi na dereva mmoja wa bajaji, mkahesabu sehemu za giza ambazo wizi umetokea kweli kwa mujibu wa daftari. Hazitazidi kumi na mbili. Taa za jua zina ubaya wake, betri huchoka baada ya miaka michache, kwa hiyo na zenyewe zitengewe akiba. Ila taa haidai NSSF.

Kuhusu walinzi wanne, mambo matatu ya sheria, kwa haraka. Wachaguliwe waliopitia mafunzo ya mgambo, na majina yapite kwa mtendaji wa kata, mshauri wa mgambo wa wilaya na polisi kabla ya kuitwa kazini. Mamlaka yao ya kukamata ni yale aliyonayo raia yeyote chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20: amemwona mtu akitenda kosa zito, amemshika, basi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna mahabusu ya mtaa, hakuna kumhoji mtu kwa fimbo kwenye ofisi ya CCM au ya chama kingine chochote. Mafunzo yenu yatumie muda mrefu zaidi kwenye jambo moja, namna ya kumtoa mwizi mikononi mwa wale ambao magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali. Mlinzi akishindwa hapo, mtu atakufa, na kamati yenu itaitwa kutoa maelezo.

Fedha ipitie wapi? Kamati ya mtaa haiwezi kusaini mkataba na mfadhili. Njia ni mbili. Ya kwanza ni Jiji: fedha inaingia kwenye bajeti, inapita Baraza la Madiwani, inakaguliwa na CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ni polepole, na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, kwa hiyo wazo lenu lazima liwe limetoka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla. Ya pili ni hiyo asasi: inasaini yenyewe na kuajiri walinzi yenyewe. Kama imesajiliwa kwa sheria ya NGO na fedha inazidi sh. milioni 20, kanuni za 2018 zinaitaka iwasilishe mkataba ndani ya siku kumi na kuweka wazi fedha hizo. Ulizeni mapema kama wamezoea kufanya hivyo. Mimi ningegawa: taa na chumba vipitie Jiji, kwa sababu vitabaki kuwa mali ya umma, walinzi na mafunzo vipitie asasi. Chochote kinachokwenda kwa polisi, simu, samani, pikipiki, kitolewe kwa maandishi kupitia ofisi ya Kamanda wa Polisi Mkoa. Msimpe afande kitu mkononi, hata kama ni mtu mwema. Mnamweka pabaya.

Kwenye andiko, mfadhili atataka ahadi ya matokeo, na hapa watu wengi hujifunga kitanzi wenyewe. Usiandike "uhalifu utapungua kwa asilimia 50". Jaribio la Kansas City la 1972 hadi 1973 liliongeza doria za magari sehemu moja, likaziondoa sehemu nyingine, na uhalifu haukuonyesha tofauti. Jaribio la doria za miguu la Newark mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 nalo halikupunguza uhalifu, ila watu walipungukiwa na hofu, na hilo si dogo. Tena mkifanya kazi vizuri, matukio yanayoripotiwa yanaweza kupanda mwaka wa kwanza, kwa sababu aliyekuwa ananyamaza sasa ana mahali pa kusema. Ahidini vitu mnavyovishika: dakika ngapi kutoka simu kupigwa hadi mtu kufika, matukio mangapi ya daftari yalipata jibu la polisi kwa maandishi, kaya ngapi zilitoa mchango mwezi huu, wanawake wangapi wanasema wanaweza kutembea kutoka soko la Mgandini hadi nyumbani saa mbili usiku. Hilo la mwisho waulizeni kabla mradi haujaanza, mkiwa na daftari, nyumba kwa nyumba.

Sare. Hapana khaki, hapana kofia ya bereti, hapana mikanda ya kijeshi, na neno POLISI lisionekane popote, hata likifuatwa na JAMII. Kuvaa au kumvalisha mtu kinachofanana na sare ya vyombo vya ulinzi ni kosa, na usiku mtu hatofautishi. Fulana za kawaida na vizibao vya kung'aa vya rangi ya chungwa kama vya mafundi wa barabara, vyenye namba kubwa mgongoni, 1 hadi 4. Mama anayelalamikia mlinzi aseme "namba tatu kanitukana", na wewe katibu ujue ni nani.

Nitumie rasimu mkishafanya yale matembezi ya usiku. Kabla ya hapo sitaisoma.